Amadeu Furtado, Mwalimu wa Kukunja Magoti

Ndugu waombolezaji, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, ingawa kusimama ni kujisifu tu, maana mnaona nilivyoing'ang'ania meza hii kama mlevi, na sababu yake ni aibu tupu: asubuhi nilitaka kuwaonyesha vijana namna ya kumnyanyua kaka yangu kwa heshima, nikainama kwa kiuno, nikavuta jeneza, mgongo ukashika, nikabaki nimepinda kama kulabu mbele ya binti yake Natália, naye akaniambia, "Baba mdogo, hata leo humsikilizi?"

Marehemu Amadeu Furtado alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Nordeste, kisiwani São Miguel, akasoma mpaka darasa la nne, na Oktoba 1969 akaja hapa Fall River pamoja na wazazi wetu, bila koti wala neno moja la Kiingereza.

Alianza kazi katika kiwanda cha nguo, akibeba majora ya kitambaa, mpaka Februari 1984 aliponyanyua jora peke yake ili asimsumbue mwenzake, diski ya uti wa mgongo ikachomoka, na alipopona akapewa kazi ya kufundisha wapakiaji wa ghala: jaribu uzito kwanza, kunja magoti, kumbatia mzigo karibu na kifua, geuka kwa miguu, ukishindwa ita mtu. "Mgongo hauna spea, bwana wee," aliwaambia, na wengi wao wako hapa leo, wamenyooka kuliko mimi.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Deolinda tarehe 5 Juni 1976, kanisani humu humu, wakajaliwa Natália na Rui.

Sasa hapa ndipo tunapochanganyikiwa, kwa sababu mwalimu huyu huyu, kila sikukuu ya kiangazi, alibeba begani jukwaa la sanamu ya mtakatifu katika maandamano, na mgongo wake mbovu hivyo hivyo, akikataa kupokewa, na nilipomuuliza alinijibu, "Wewe nyamaza, ule mkate wako."

Septemba 2023 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 9 Januari 2024 akafariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jeneza ni la mwaloni, yeye hakuwa mwembamba, na ngazi za nje zina barafu. Rui anataka baba yake ashushwe ngazi kwa kubebwa begani, kama alivyombeba mtakatifu, Natália anataka asukumwe kwa magurudumu kupitia mlango wa pembeni, na tangu jana wawili hao hawasemeshani. Wameniachia mimi niamue, nami kwa ubaharia wangu nimezunguka bandari nyingi za dunia lakini hili sijui, maana kila nikimtii Amadeu, naona namwasi Amadeu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni na kutuletea supu, na wapakiaji wote aliowafundisha. Kaka, lala kwa amani, nasi utusamehe tunavyobabaika.

Nilipofika hapo nilikunja karatasi, nikamgeukia mjane mbele ya kanisa zima: "Shemeji, tusaidie, tumbebe au tumsukume?"

Deolinda hakuinuka hata kwenye benchi.

"Alimbeba mtakatifu kwa sababu alikuwa mkaidi, Gilberto, si kwa sababu alikuwa sahihi. Msukumeni."