Saa za Jeshi, Leseni ya Raia

Wapendwa, mchungaji amenipa dakika tano, na vile mnanijua nitachukua saba. Mungu ni mwema, acheni niseme.

Wengi hapa Tassia mnajua nilikuwa jeshini nikijifunza urubani. Hamjui nilivyotoka. Nilikatwa kwenye kozi kabla ya kumaliza, nikawa naambia watu kwamba wakubwa wangu walinionea wivu. Nikaajiriwa bawabu kwenye kiwanda kule Baba Dogo, na kila ndege ikipita juu, mimi nainamisha kichwa.

Mwaka jana nikasikia kumbe saa nilizorusha ndege jeshini zinaweza kuhesabiwa nipate leseni ya rubani binafsi. Nikapeleka kitabu cha saa zangu, kikakubaliwa. Kilichobaki ni mtihani wa sheria za anga na kurusha ndege mbele ya mtahini. Nikasema, hii ni rahisi, ni kumsukuma mlevi tu!

Ndugu zangu, nawaambia, kiburi si maungwana. Siku ya kwanza ya mazoezi, nilikuja juu ya uwanja kwa kasi, nikailaza ndege, nikakata kona kali nitue, vile tulifunzwa jeshini. Kumbe mbele yangu kuna ndege ya mwanafunzi mwingine kwenye foleni ya kutua. Mwalimu wangu, msichana wa rika la kifungua mimba wangu, akaninyang'anya usukani.

"Mzee, hapa watu hupanga foleni. Hakuna vita."

Nikarudi nyumbani nikifoka. "Kale kasichana kanajua nini?" Mke wangu alikuwa anakatakata sukuma wiki. Hata hakuinua kichwa.

"Baba watoto, jeshini ulisema ni wakubwa. Leo ni kasichana. Makosa yako wewe yako wapi?"

Wacha! Alisema kweli, kwa sababu hata jeshini nilikatwa kwa kutosikia. Kosa moja, mara tatu, na kila mara nilikuwa nimeonywa. Nililia, mwanaume mzima. Kesho yake nikamwendea yule msichana, nikamwita Mwalimu, nikamwomba anifunze kama mtu ambaye hajawahi kukalia ndege.

Alinifunza miezi mitatu. Na nikapita, wapendwa! Nikapita!

Mwalimu, asante. Mama watoto, simama wakuone. Na nyinyi vijana, mnachokijua kina maana, lakini msikitumie kuziba masikio.

Leseni ndiyo hii. Pitisheni hadi nyuma, kila mtu aishike. Nilifunzwa na msichana wa rika la mwanangu, na leo najivunia kulisema hilo mbele yenu nyote.