Wazoa Theluji wa Harlan Butte Wauliza Kuhusu Kupanda Daraja

Mgeni rasmi, Dkt. Marcella Prew, Mkuu wa Chuo cha Harlan Butte, kocha wetu, wazazi wa wachezaji, nanyi mliowahi mezani mkamaliza viazi vya kuoka kabla sisi hatujafika...

Arlys Tveit alisubiri kicheko kipite. Alikuwa amesimama mbele ya meza za chakula, karatasi mkononi. Alikuwa amezoa theluji uwanjani kwa miaka ishirini na sita, lakini kusoma risala ilikuwa mara yake ya kwanza.

UKARIBISHO
Mgeni rasmi, tumesikia kwamba Jumanne utatia sahihi ili timu yetu ya futiboli ya Kimarekani ipande daraja, ikacheze na vyuo vikubwa. Hatukuja kukupinga. Tumekuja kuuliza, maana tukikutana dukani tunaulizana sisi kwa sisi na hakuna anayejua.

HISTORIA
Kikundi chetu kilianza mwaka ule theluji ilipofunika viti vyote siku moja kabla ya robo fainali. Kocha wa wakati huo alisema redioni: mwenye beleshi aje. Tulikuja watu mia na arobaini. Tangu hapo kanuni ni moja: safu uliyoisafisha ndiyo unayokalia.

"Na safu ya kumi na tisa imetoa ndoa tatu!" alipaza sauti Duane Skogstad, fundi matrekta.

"Mbili, Duane. Yako ilivunjika," Arlys alimjibu bila kuinua macho.

"Haya mama, soma tu!"

MAFANIKIO
Timu yetu, Nungunungu, imetwaa ubingwa wa daraja letu mara nne katika miaka saba. Asubuhi ya mtoano wachezaji hutuletea kahawa wenyewe, mijitu mizima imeshika vikombe kwa vidole viwili. Mwaka mmoja tulikosea ratiba. Tulisafisha uwanja mzima, kumbe mechi iko ugenini. Tukaona aibu kurudi nyumbani, tukakaa kwenye safu zetu tukaisikiliza redioni. Tulishinda.

CHANGAMOTO
Kupanda daraja hata sisi tunatamani. Tuna hamu kubwa ya kujua kama vijana wetu wangewaweza wale wakubwa. Lakini tunaambiwa kule juu timu nyingi humaliza msimu kwa mechi moja ya mwaliko, kwenye mji wa joto, mbali. Mtoano wa Desemba hapa nyumbani hautakuwepo tena. Basi tunajiuliza: tutavumilia kufungwa miaka mingapi kabla hatujazoea? Na theluji ya Desemba, nani ataizoa, na ili nani akae?

Hapo aliacha kusoma. Mumewe, Orville, alifariki mwezi Machi, na tangu hapo waliokuwa wakimgongea mlango ni watu wa uwanjani tu. Aliiogopa Desemba isiyo na mechi. Hilo hakuliandika. Alikunywa maji akaendelea.

MAOMBI
Mgeni rasmi, ombi letu ni moja. Jumamosi ni mtoano, na redio inasema theluji itaanguka. Kabla ya hiyo Jumanne, njoo uwanjani saa kumi na mbili asubuhi. Safu ya kumi na nne haina mtu mwaka huu. Isafishe, uikalie mpaka mechi iishe, halafu ukaamue upendavyo. Tungependa sana kujua utaamua nini ukiwa umelowa soksi.

Mungu akulinde barabarani, awape vijana wetu magoti mazima, na sisi atuachie migongo inayoinama.

Ni sisi, Wazoa Theluji wa Harlan Butte.

Walipiga makofi, kisha wote wakamtazama mgeni. Dkt. Prew alisimama.

"Mama Tveit, mimi nimekulia mjini, beleshi sina. Ninunue, au mtaniazima?"

"Lipo," Arlys alisema, akiikunja karatasi. "La Orville. Mpini wake mrefu kidogo, lakini utauzoea."