Bi Kikohozi na Viatu Vyake vya Kahawia

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Kikohozi anatimiza miaka arobaini na mmoja katika ukumbi wetu, na siku hiyohiyo anastaafu. Miaka arobaini na mmoja si mchezo, ingawa kazi yake ilikuwa mchezo. Humu ndani ameona wakurugenzi saba wakiingia na kutoka, mapazia matatu yakichakaa, na paa likivuja juu ya safu ya tano, ambako mpaka leo linavuja. Ofisi isome hapo mara mbili.

Nimeambiwa niandike ukurasa mmoja wa kijitabu cha sherehe. Mimi ni mshonaji wa mavazi ya jukwaani, shule niliishia darasa la nne, na sijui ukurasa mmoja unatosha nini kwa mtu kama yule. Nimeandika mpaka nilipomaliza. Atakayechoka akae chini.

Wengi mnauliza kwa nini anaondoka sasa, wakati watu bado wanampigia makofi mpaka viganja vinawaka. Wengine mmeshajijibu wenyewe: ati kagombana na mwongozaji, ati kaitwa kwenye filamu ng'ambo. Ukumbi huu una midomo kuliko viti. Ukweli ni kwamba Bi Kikohozi jukwaani aliogopa kitu kimoja tu, siku ambayo watazamaji watamwonea huruma. Kuchekwa sawa. Kuzomewa sawa pia, kazomewa sana na akalala usingizi wake. Lakini huruma, hapana. Habari hiyo nitaifikia, na mwenyewe kaniruhusu niiseme.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba kama uzi, mtoto mgongoni na cheti cha kupiga chapa mkononi. Alitaka kazi ya ofisini. Ofisini hapakuwa na nafasi, ila mwongozaji wa wakati huo alikuwa anatafuta mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe haonekani, amelala nyuma ya pazia jeupe, anakohoa mara tatu, basi. Hana hata neno moja. Yule binti akasema atakohoa.

Siku ya onyesho la kwanza, alipokohoa mara ya pili, bwana mmoja wa safu ya mbele aliinuka, akapanda jukwaani na mkoba wake, akafunua pazia. Alikuwa daktari wa kweli. Alisema kikohozi kile hakiwezi kungoja mpaka mwisho wa mchezo. Watu walidhani naye ni mwigizaji, wakamshangilia. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwa wazazi wake. Sisi tukapata Bi Kikohozi.

Nyie vijana mnaonuna mkipewa nafasi ndogo, nataka msome hapa polepole. Huyu mama ameigiza mpishi, mkunga, hakimu, mwizi wa kuku, jirani mwenye wivu, mama wa marehemu, na bibi harusi wa miaka sitini. Magauni nimeyahesabu, maana ni mimi niliyeyashona: mia mbili na kumi na manne. Katika hayo yote mara moja tu aliwekwa mbele kama stelingi. Mwigizaji wetu wa malkia alivunjika mguu, Bi Kikohozi akavaa taji kwa wiki tatu, na gazeti likamsifu kwa picha. Malkia alipopona, mwongozaji alitaka Bi Kikohozi aendelee. Akakataa. Alinirudishia taji akasema malkia kazi yake ni kukaa na kuletewa habari, mtumishi ndiye anayeona kila kitu. Nilimwambia ana wazimu, na neno langu sijalifuta. Lakini wiki iliyofuata alirudi kwenye nafasi yake ya mtumishi, akapiga magoti kumvisha malkia viatu, na kwa ile mikono tu ukumbi mzima ukajua malkia hafiki mwisho wa mchezo akiwa hai.

Na nimetaja viatu. Hapo ndipo ilipo kazi yake. Wenzake wakipewa nafasi hukimbilia mswada kuhesabu mistari yao. Yeye hushuka kwangu stoo. "Bibi Sindano, nipe viatu. Maneno yatakuja yenyewe kwa miguu." Hujaribu jozi kumi, kumi na tano, rafu zangu zote zinakuwa kama zimepitiwa na mbuzi. Akipata anayoitaka, anaivaa wiki nzima nyumbani kwake, akipika, akifua, akienda dukani. Marehemu mume wake, fundi wa redio, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hajui leo atafunguliwa mlango na nani. Alisikiliza kwanza visigino sakafuni. Akisikia ni mkunga, anabisha hodi. Akisikia ni hakimu, anazunguka mlango wa nyuma.

Sheria ya stoo yangu mnaijua, maana nimewapigia kelele nyote: kitu cha ukumbi ni cha ukumbi, hakuna anayeondoka nacho, hata kifungo. Bi Kikohozi peke yake niliruhusu aazime viatu, kwa sharti virudi vimepakwa rangi. Virudi, narudia. Kuna jozi moja ya kahawia, ya kamba, kisigino kifupi, aliyoitumia kwa wahusika wengi kuliko nyingine yoyote. Aliwahi kuniomba iwe yake. Nilimjibu akitaka viatu aende dukani kama binadamu wenzake.

Halafu ikaja runinga. Miaka minane aliigiza mama mkwe katika tamthilia iliyowafanya watu waunguze chakula jikoni. Alikuwa mkwe mbaya hasa, mwenye macho ya kupima chumvi kwenye chungu cha mwenzake. Siku moja kwenye kituo cha basi mama mmoja alimwinulia mwavuli. "Wewe! Mwache mtoto wa watu apumue!" Mwingine angeeleza kwamba ile ni kazi tu. Bi Kikohozi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni akasema, "Kwanza ajue kuosha sufuria." Mwavuli ulimkosa kidogo tu. Mkwe wake wa kweli, ambaye wanapendana mpaka wanagombania mjukuu, alikuwa akipewa pole na mtaa mzima. Majirani walimsaidia hata kubeba maji. Hakukanusha hata siku moja. Alikuwa akiinamisha kichwa na kusema atavumilia.

Sasa nifike pale nilipowaahidi.

Tangu zamani, kabla ya kila onyesho, yeye husema mistari yake huku mimi nimeshika mswada nikimfuatilia. Mwanzoni nilikuwa nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alikuwa akiningoja nifike. Hakuwahi kunicheka wala kunisahihisha mbele ya mtu, na kama leo ninaandika kwenye kijitabu hiki, basi mjue nilijifunzia wapi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kujua nilikuwa mimi. Miaka miwili iliyopita jina moja lilimpotea. Wiki nyingine mwisho wa sentensi. Siku moja akaingia stoo akafunga mlango. "Shoga, maneno yananikimbia." Nikamwambia kila mtu anasahau, mimi jana nimetafuta miwani nikiwa nimeivaa. Hakucheka. Yule mama hucheka kila kitu, na hakucheka.

Alikuwa ameshakubali mchezo mmoja zaidi, ule wa mama mzee anayemngoja mwanawe aliyemfukuza miaka ishirini nyuma. Katika sehemu ya tatu mwana anasimama mlangoni, na mama anazungumza peke yake ukurasa na nusu. Nilimwambia ajitoe, atafutwe mwingine. Akanijibu, "Nitaufanya huu, halafu nitatoka kwa miguu yangu. Lakini wakinionea huruma hata siku moja, naacha palepale." Kisha akaomba viatu vya kahawia.

Mama yule katika mchezo anashona foronya. Basi nami nikashona. Foronya mbili, moja ya sehemu ya pili na moja ya sehemu ya tatu, na juu ya kila moja nikatarizi mwanzo wa kila sentensi yake kwa uzi wa buluu, herufi kubwa. Watazamaji waliona mapambo. Wiki tatu mambo yalikwenda sawa. Mwongozaji akamsifu, akasema anaitazama ile foronya kana kwamba moyo wake umeandikwa pale. Nikajitia nakohoa.

Jumapili ya wiki ya nne, onyesho la mchana, ukumbi ulijaa. Asubuhi yake nilikuwa nimezifua foronya zote mbili, nikazipiga pasi kwa nyuma, nikaziweka kwenye vikapu. Nilizichanganya, kila moja ikaingia kikapu cha mwenzake. Kosa lilikuwa langu, la mtu mwingine halikuwa, ingawa siku ile niligombeza watu wawili, na hapa nawaomba radhi. Sehemu ya pili hakuikunjua, muuza maziwa alimvuta kwa maswali yake, na mimi nilijua katika sehemu ya tatu, pale alipoikunjua mapajani. Foronya ile ilikuwa na maneno ya sehemu ya pili, ya mama na muuza maziwa, mzaha mtupu wa maziwa yaliyoganda. Na mwanawe alikuwa ameshasimama mlangoni. Nilikuwa pembeni mwa jukwaa, hatua sita kutoka kwake, na zile hatua sita huwezi kuzivuka mbele za watu mia nne.

Aliitazama foronya. Akaigeuza upande wa pili. Akachoma sindano, akavuta uzi. Nilihesabu mishono tisa, na ukumbi ukawa kimya mpaka nikasikia tone la paa likidondoka safu ya tano. Kisha akaiweka foronya pembeni, akainama, akavitazama viatu vyake. Akafungua kamba ya mguu wa kushoto. Akaifunga upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda kumfuata mtu mbali. Alipoinua uso, maneno yalikuwa yamefika. Yote, ukurasa na nusu, hakuacha hata pumzi iliyoandikwa.

Watu walilia. Nimekaa hapa miaka mingi, naijua tofauti ya vilio. Hawakumlilia yeye. Kila mtu alikuwa anamlilia mama yake.

Pazia liliposhuka, mwongozaji alikuja mbio, akasema ule ukimya na ile kamba ya kiatu visiondoke, virudiwe kila onyesho mpaka mwisho. Bi Kikohozi akamjibu atalifikiria. Na akarudia, maonyesho kumi na moja yaliyobaki, mishono tisa na kamba ya kushoto. Foronya ya sehemu ya tatu ilikuwa kikapuni kila siku, mahali pake. Kama aliisoma sijui. Sikumuuliza, naye hakusema.

Mchezo ulipokwisha alikwenda ofisini akapeleka barua ya kustaafu, aliyoipiga chapa mwenyewe, maana cheti chake kilikuwa bado hakijafanya kazi. Nilipomuuliza niandike nini hapa, alisema niandike yote. "Wakitaka kunihurumia, wakanihurumie makwao." Nawaonya basi. Msije Ijumaa na nyuso za msibani. Huyu mtu aliingia humu kwa kukohoa nyuma ya pazia na anatoka kwa mlango wa mbele. Mwenye huruma aipeleke kwenye lile paa.

Kwa niaba ya mafundi wa taa, wapaka rangi, wauza tiketi, waigizaji wakubwa kwa wadogo, na yule kijana mwigizaji wa mwana ambaye mpaka leo anaapa kwamba siku ile alisahau kama anaigiza, tunasema asante. Asante kwa kufika kabla ya saa kila siku, jambo ambalo nyie wa sasa mnalisikia kama hadithi. Asante kwa kutufundisha kwamba mtu aliye nyuma ya pazia naye anaumwa kweli.

Bi Kikohozi, mwenzangu, sasa nakusemesha wewe. Jana nilivitoa rafuni vile viatu vya kahawia. Kisigino cha kushoto kimeliwa upande wa nje, na ngozi imeshika umbo la kidole chako kilichopinda. Nimewajaribishia waigizaji wawili, wote wamechechemea. Havimfai tena mtu yeyote wa ukumbi huu, kwa hiyo si vya ukumbi huu. Nimevipaka rangi, nimetia kamba mpya, vimo kwenye mfuko chini ya kiti chako. Usiinuke kunishukuru mbele za watu, nitakuaibisha.

Nenda ukakae na mjukuu wako, mle, mcheke, mgombane, na afya iwe nawe miaka mingine mingi. Na siku neno likikukimbia, tazama chini.