Mlimau wa Mama Mkwe

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya saluni ya Kinyozi na ukuta wa duka la magodoro. Kuna benchi moja la mbao, mguu wake mmoja mfupi, nimeuwekea soli ya kiatu cha mteja ambaye hajarudi tangu mwaka juzi. Mimi ni fundi viatu, kwa hiyo nikikaa pale kutwa nzima niko kazini, na asiyeamini aje aone sindano yangu. Wenzangu hawana kisingizio. Waya ni fundi umeme anayeogopa ngazi. Brashi huchora mabango ya maduka, na ukimkuta amekaa atakwambia anasubiri rangi ikauke, hata siku ambayo hajapaka kitu. Mama Kahawa ana birika, mwavuli na vikombe sita, na katika sisi sote yeye peke yake ndiye anayejua saa yake ya kuondoka, kwa sababu kahawa ikiisha anafunga.

Jumamosi hiyo, kwenye saa tano hivi, Kinyozi alitoka saluni amebeba ndoo iliyokatwa nusu. Ndani yake kulikuwa na mche wa mlimau. Akautua juu ya benchi, katikati yetu, akasimama ameshika kiuno. Mche ule ulikuwa umebakiwa na majani kumi na moja, ya njano yote, yamelegea.

— Mama mkwe anakuja saa tisa, akasema.

Kila mmoja wetu alijua maana yake. Mke wa Kinyozi alikuwa ameondoka. Zamani dada yule alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye karakana ya mtaa wa pili, na kicheko chake tulikuwa tunakisikia mpaka hapa. Walipooana, Kinyozi alimwachisha kazi. Alitutangazia hapa hapa kijiweni kwamba mke wake hatahangaika, atatunzwa. Akamnunulia televisheni na pazia zito, na dada wa watu akakaa ndani. Mwaka wa pili akafunga begi, akaenda kwa mama yake. Sisi tulimlaumu kidogo, nisiwafiche. Tulisema wanawake wa siku hizi hawajui kutunzwa.

Mama mkwe wa Kinyozi ameuza miche ya miti tangu usichana wake. Binti aliporudi nyumbani, mama hakuja kugombana. Alikuja na mlimau ule, majani yake mabichi yanang'aa, akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili. Akamwambia autunze wiki sita. Akirudi akaukuta mzima, watazungumza habari za binti kurudi. Akiukuta umekufa, hakuna mazungumzo. Wiki sita zilikuwa zinaishia siku ile.

Kinyozi aliapa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuhangaikia mti kama yeye. Aliumwagilia asubuhi na jioni. Aliufungia stoo, nyuma ya saluni, kwa kufuli mbili, usije ukaibiwa wala kuguswa na wateja. Hata panya hakuuona. Sote tukamsifu. Waya alisema kwa ulinzi huo hata benki ingeona wivu, na kwamba kama mti umekonda basi kosa ni la mti.

Halafu Waya akatoa daftari. Ni daftari la sayansi la binti yake, yeye hulitembeza mfukoni kwa ajili ya kuandika namba za wateja kurasa za nyuma. Akafungua kurasa za mbele, akakohoa, akatusomea kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa chafu tunayoitoa sisi. Chakula chenyewe ni sukari. Halafu mmea hupumua mchana na usiku, na katika kupumua huko huitumia ile sukari ili upate nguvu ya kuishi na kukua.

Tukatazamana. Nakiri kwamba hayo yaliandikwa vizuri. Balaa lilianza tulipoanza kuyaelewa.

— Hii ni sola, alisema Waya. Mchana inachaji, usiku inatumia. Huu umeisha chaji.

Akachomoa bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye taa ndani, akaigusisha kwenye jani. Taa haikuwaka. Akagusa shina, haikuwaka. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa.

Mimi nilisema kama chakula chake ni sukari, na sukari imeisha, jambo ni jepesi. Mama Kahawa akalikumbatia kopo lake. Alisema sukari yake ni ya watu wanaokunywa kahawa. Kinyozi akamtazama tu, macho yamemlowa, na mama wa watu akalegea, akamkabidhi kijiko. Tulitia vijiko vitatu kwenye udongo, tukakoroga. Baada ya dakika kumi walikuja sisimizi, foleni nzima, na Waya akasema hiyo ni dalili nzuri, viumbe havifuati kitu kilichokufa. Nikamkumbusha kuhusu nzi. Akasema nzi ni suala jingine.

Jua lilikuwa limeshapanda, linatuchoma visogo. Kinyozi akaomba mwavuli wa Mama Kahawa, akausimamisha juu ya mlimau ili mgonjwa asipigwe na jua. Sisi tukabaki tunaungua, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu siku ile tulikuwa na umoja.

Mama Kahawa alikuwa na maoni yake. Alisema kama mti unapumua, basi huu umeziba pumzi makusudi kwa ajili ya ile spiriti ya kunyolea, na yeye mwenyewe akipita mlangoni kwa Kinyozi hubana pua. Dawa ni kuupepea. Tukaupepea kwa sahani. Jani moja likaanguka. Yakabaki kumi. Waya akahesabu mara mbili, kisha akapendekeza tuache kupepea.

Hapo ndipo Brashi akaliomba daftari. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akaligeuzia kwetu tuone.

— Someni hapa. Ile rangi ya kijani ndiyo inayonasa mwanga na kupika chakula. Sasa tazameni mti. Una kijani?

— Hauna.

— Basi mpishi hayupo. Mnalisha sukari, mnapepea, na jikoni hakuna mtu.

Nitasema ukweli, lile neno lilituingia sote. Hata mimi, mtu mgumu kushawishika, sikuona pa kulikosoa. Brashi akasema anayo nusu kopo ya rangi ya mafuta, kijani hasa, iliyobaki kwenye bango la duka la dawa. Kinyozi akamwuliza kama ana uhakika. Akajibiwa kwamba miaka kumi na tano hajawahi kupaka kijani kikatoka chekundu.

Wasiseme baadaye kwamba nami nilishiriki. Mimi nilisema tu kwamba jani lina pande mbili, na fundi anayejiheshimu hapaki upande mmoja. Na nilitoa brashi yangu ndogo ya viatu kwa ajili ya zile kona za shinani. Na baadaye, ni kweli, niliongeza kidogo ile dawa yangu ya kung'arisha. Basi.

Kazi ilitoka safi. Majani kumi, kijani cha kuumiza macho, mbele na nyuma. Kinyozi alileta mashine ya kukaushia nywele, akavuta waya mrefu kutoka saluni, akawa anayakausha moja moja huku akilisemesha kila jani. Waya akagusisha tena bisibisi yake kwenye shina, akaapa kwamba safari hii ameona taa inataka kuwaka. Kinyozi akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke. Alisema akirudi atambadilishia pazia.

Mama mkwe akafika saa nane, saa nzima kabla ya ahadi.

Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyeshika udongo miaka mingi. Tukamwamkia sote kwa pamoja, tumesimama, Brashi ameficha kopo mgongoni. Akaitikia, akauliza hali zetu, za watoto, za kazi. Kisha akautazama mlimau. Nzi mmoja alikuwa amenasa kwenye jani la juu, anavuta mguu.

Mama akalishika lile jani. Akajitazama kidole. Akakinusa.

— Huu umepakwa rangi.

— Ni rangi ya nje, mama, alisema Brashi kwa adabu kubwa. Haitoki hata kwa mvua.

Mama aliuliza nani ametia sukari, maana sisimizi walikuwa wameshamfikia viatuni. Waya akamweleza yote, tangu sola mpaka mpishi, akimwonyesha daftari. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Alisema daftari halina kosa. Mti unapika sukari yake mwenyewe, ndani ya jani, kwa mwanga. Sukari ikitiwa udongoni haiwi chakula, ni kuukausha mizizi. Ukikosa mwanga haupiki, lakini kupumua hauachi, kwa hiyo unakula kile kidogo ulichojiwekea mpaka kiishe. Na hewa yenyewe inapita kwenye vitundu vidogo vya jani, vidogo mno huvioni, vingi viko upande wa chini.

Upande wa chini niliusimamia mimi. Nikainamia kiatu kilichokuwa mapajani mwangu, ambacho nilikuwa nimeshakimaliza.

Mama mkwe akaketi kwenye benchi, akamwita Kinyozi akae karibu yake.

— Uliuweka wapi, baba?

— Stoo, mama. Kwa kufuli mbili.

— Kwa nini?

— Uliniambia niutunze.

Mama akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

— Na ulipokuja kwangu kumwomba binti yangu, uliniahidi nini?

— Kwamba nitamtunza.

— Ukamweka wapi?

Kinyozi akatutazama sisi, Waya, Brashi, Mama Kahawa, mimi, watu ambao tangu asubuhi tulikuwa na jibu la kila kitu. Waya akafunua daftari, akakuta ukurasa umejaa namba za simu. Brashi akaangalia juu. Mimi nilikumbuka nilivyosema kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kutunzwa, nikatamani kuwa na kazi ya mbali. Mama hakulirudia swali.

Akatoa kisu kidogo kwenye mkoba. Akayakata majani yote kumi, moja baada ya jingine, akayaacha yaanguke chini. Kinyozi alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka kwenye koti lake jeupe la saluni. Mama akakwangua shina kwa ncha ya kisu, kidogo tu, karibu na udongo. Chini ya gome palikuwa na ubichi, mwembamba, wa maji. Akamwonyesha.

— Bado upo hai, akasema. Lakini hauna nguvu ya kungoja sana.

Akamwagiza aubadilishie udongo wote leo leo, usiwe na sukari, na asiumwagilie mpaka udongo ukauke juu. Kisha akauondoa mwavuli, akaubeba mlimau, akapiga hatua mbili, akautua pale jua lilipokuwa limehamia. Hatua mbili tu, nilizihesabu. Tangu asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye jua lile lile tukilitukana.

— Mama, akasema Kinyozi, sasa ile habari ya kuzungumza.

— Nilisema nikiukuta mzima.

— Si mzima.

— Si mzima, mama akakubali. Wala haujafa.

Kinyozi akajifuta uso kwa taulo la wateja. Akasema ameelewa. Akasema atamwambia mkewe kwamba amemruhusu, arudi karakanani kwake akashone, tena kuanzia Jumatatu, na yeye mwenyewe atampeleka na kumrudisha.

— Usimwambie, baba. Muulize.

— Nimuulize nini?

— Anataka nini. Halafu unyamaze.

Mama akampa simu yake mwenyewe, kwa sababu simu za Kinyozi binti alikuwa hapokei. Kinyozi akaenda nayo kando, akasimama karibu na ndoo, mgongo wake kwetu. Tulimsikia akisalimia. Tukamsikia akisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia pale kijiweni, kwamba hakupiga kumweleza lolote, ana swali moja tu. Akaliuliza, akanyamaza. Upande wa pili walianza kusema, na inaelekea yalikuwa mengi, kwa sababu jua lilimkuta usoni, likamhamia sikioni, naye amesimama vile vile, anaitikia kwa kichwa kana kwamba anaonekana. Waya akainuka ili akamnong'oneze la kujibu. Nikamkanyaga mguu, akakaa.