Dada Verlin, Mtoa Mistari wa Bethsaida

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani mliopanda kilima na jua lote hili, mimi ni Lascelles, kitindamimba wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya mama yetu, Dada Verlin Euphemia Ebanks, ambaye alishanionya kwamba nikisoma kwa kumung'unya maneno atafufuka anisahihishe.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Bethsaida, katika vilima vya Saint Elizabeth, Jamaika, binti wa kwanza wa Josiah na Adina Salmon, akasoma shule ya kanisa kuanzia mwaka 1948 hadi 1955, alipoitwa nyumbani kumuuguza mama yake, na tangu hapo kazi yake ikawa kilimo, akipanda vitunguu vya majani katika udongo wetu mwekundu wenye kiu, akiufunika kwa nyasi alizozikata na kuzibeba mwenyewe kichwani. Tarehe 18 Aprili 1964 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Hubert Ebanks, wakajaliwa watoto watatu, Carlton, Merlene na mimi.

Lakini wengi mlimjua kwa kutoa mistari, maana vitabu vya nyimbo vilikuwa vichache, basi mama alisimama, akatamka mstari mmoja, watu wakauimba, akatamka mwingine, na katika kanisa hili mstari usiotolewa hauimbwi, hata kama wote tunaujua.

Tarehe 3 Juni 1987 kaka yetu Carlton, akiwa na umri wa miaka ishirini na moja, alifariki lori la mboga lilipopinduka njiani kwenda soko la Kingston, na sitaficha, mama aliacha kusali, akamwambia mchungaji wa wakati ule, "Mimi na Mungu hatusemeshani kwa sasa, usijisumbue kutupatanisha," nasi tukaogopa kwamba tumepoteza wawili. Katika kesha la tisa, usiku wa tisa baada ya kifo ambapo huku kwetu tunamwimbia marehemu, wazee walimpa Ndugu Ferdinand Parchment kazi ya kutoa mistari, mama akatoka chumbani, akasema, "Nipisheni, mwanangu haimbiwi na mbuzi," akatoa mstari wa kwanza, tukaimba, akatoa wa pili, tukaimba, wa tatu ukamshinda. Ndugu Ferdie akababaika, akatoa mstari aliouzoea kuliko yote, wa sikukuu ya mavuno, "Viazi vikuu vimejaa ghalani," na watu wa Bethsaida, ambao huimba wanachopewa, wakauimba kwa tuni ya msiba mpaka mwisho, na besi wakatia.

Mama akacheka, akicheka na kulia kwa pamoja, akasema, "Ferdie, mimi nazika, wewe unavuna?" kisha akautoa ule mstari wa tatu, na wa nne, na nyimbo zote zilizobaki. Miaka yote baadaye alikuwa akisema, "Nilimwomba Mungu malaika, akaniletea Ferdie, na alinitosha," na tangu hapo hapakuwa na mfiwa katika kilima hiki ambaye mama hakwenda kuketi naye.

Mwaka 2016 aligundulika ana kisukari, na tarehe 22 Agosti 2021 alikatwa mguu wa kushoto, lakini hata kidonda hakijafunga alikuwa akitoa mistari wodini, wagonjwa wakimwitikia vitandani, na muuguzi alipomwambia, "Bibi, hapa ni hospitali," alijibu, "Najua, mwanangu, ndiyo maana naimba, hebu shika sauti ya pili."

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Februari 2023, akiwa nyumbani, alitoa mstari wa kwanza wa wimbo wa asubuhi, tukauimba, tukasubiri wa pili, haukuja. Merlene akanitazama, tukavunja desturi ya kanisa letu, tukauimba bila kupewa, tukaendelea mpaka ubeti wa mwisho, machozi yakitutoka na sauti zetu zikipanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomlimia shamba, wanakwaya wenzake, na Ndugu Ferdie, aliyeketi benchi la mbele na ambaye leo tumemwandikia mistari kwenye karatasi.

Mama, kifo kilikuja kukunyamazisha, kikatukuta tunaimba. Kapumzike kwa amani.