Enduru Iliyopita Kijiweni

Kijiwe cha Bilele kilikuwa benchi moja mbele ya duka lililofungwa tangu mwenyewe azikwe. Mwaka ule wa themanini na tisa, Ukimwi ulikuwa umefunga maduka mengi ya namna hiyo Bukoba. Hapo Byabato, fundi baiskeli, alikunywa kahawa kila jioni na wenzake wawili: Ildefons, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama, na Mwijage, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliuza vidonge vya kichwa. Jioni hiyo walimzungumzia Immakulata, mjane wa nyumba ya pili. Shemeji yake Datius alikuja kumrithi, akakataliwa, akambaka. Kesi ilikuwa Jumatatu, na polisi walishasema bila shahidi itafutwa.

— Serikali imelala, alisema Wakili. Mwanamke abakwe, halafu yeye ndiye ahangaike kutafuta shahidi!

— Haijalala, inaogopa, alisema Daktari. Hakimu akiona mjane anaona ule ugonjwa. Karani anashika faili lake kwa kitambaa.

— Umemwona wapi?

— Watu wanasema. Wengine wanasema hata hewa ya kizimbani inaambukiza!

— Mimi ningeleta mashine kutoka Ulaya, alisema Wakili. Mshitakiwa anavishwa kichwani, akidanganya inalia.

— Na umeme ukikatika?

— Inalia hivyo hivyo!

Byabato alicheka, kisha akajuta. Hakupenda mazungumzo haya, na alijua kwa nini.

— Ukoo nao? aliendelea Wakili. Wamekaa, wamekunywa rubisi, wakasema shemeji hawezi kubaka, anarithi.

— Na Datius anakohoa tangu Pasaka, alisema Byabato.

Kesi ikifutwa, Datius angerudi kwenye nyumba ile, na safari hii asingebisha hodi.

Mara Immakulata mwenyewe akatokea, kanga nyeusi ya msiba begani. Alisimama mbele ya benchi.

— Habari za jioni, waitu, jamaa zangu. Mpelelezi anataka mtu mmoja tu aliyesikia. Siku ile jua lilikuwa bado lipo. Nilipiga enduru mlangoni. Nani alisikia?

Hakuna Mhaya asiyejua enduru. Yowe hilo likipigwa, mtu huacha alichoshika akakimbia kuokoa. Anayekiri kwamba alisikia na hakukimbia, amejitia aibu mbele ya kijiji kizima.

— Ningekusaidia, alisema Wakili, ila siku ile nilikuwa Rubafu.

— Mimi Ijuganyondo, alisema Daktari upesi.

Waongo wote wawili! Walikuwa hapa, kwenye benchi hili. Yowe lilipokuja, Wakili alisema hayo ni mambo ya shemeji na shemeji. Daktari aliongeza sauti ya redio. Na Byabato, ambaye alishainuka nusu, aliketi tena na kupokea kikombe kingine. Hilo la kikombe ndilo lililokuwa likimla.

— Ta Byabato? alisema Immakulata kwa heshima. Wewe?

Alitaka kusema na yeye alikuwa safarini, lakini hakupata mahali pa kusafiri.

— Redio ilikuwa juu sana, mama, alisema.

Wakili alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Immakulata aliwatazama mmoja mmoja bila haraka.

— Kumbe mlikuwa hapa.

Kahawa ilipoa vikombeni.

— Basi Jumatatu utakuja useme ulikuwa hapa na ulisikia, Ta Byabato?

Alisimama pale akingoja jibu. Byabato alitazama viatu vyake, na wenzake wakamtazama yeye.