Tairi Lililogoma Siku Mama Anatoka Hospitali

Birika langu la kahawa naliweka pale pale kila asubuhi, kwenye kona, mbele ya kibanda cha kinyozi, na nikishakaa kwenye lile benchi hakuna linalonipita. Kona yenyewe ina mteremko, kikombe ukikiweka vibaya kinakukimbia. Basi siku hiyo nafika, nakuta wanaume watatu wameliinamia gari la kinyozi kama wanachungulia kisima. Gari kuukuu, la marehemu baba yake, kutu imeila milango mpaka ukitia kidole kinatokea ndani. Na siku hiyo ndiyo mama yake anaruhusiwa hospitali, kifua kimetulia, na alishasema wazi kwamba hapandi gari la mtu, anarudi nyumbani kwenye gari la mumewe. Sasa gari linawaka, linanguruma, haliendi!

Kinyozi: Shangazi, usinicheke.

Mimi: Nani anacheka? (Na birika linanitikisika mkononi kwa kicheko.)

Kinyozi: Breki ya mkono nimeishusha mpaka chini. Tairi la nyuma, la kushoto, halizunguki. Linaburuzika kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Hapo akadakia Profesa, wa pili wao. Shule hajaimaliza, ila anavaa miwani na hajawahi kusema "sijui", ndiyo maana tunamwita hivyo.

Profesa: Hiyo ni sumaku. Chuma kikikaa kimeelekea upande mmoja, ardhi inakishika.

Mimi: Na masufuria yangu mbona ardhi haijayashika?

Profesa: Masufuria unayasogeza, Shangazi.

Kweli nayasogeza.

Wa tatu tunamwita Baiskeli, kwa sababu ndizo anazotengeneza.

Baiskeli: Tusiende mbali. Mkono umeshuka, tairi halijaachia. Basi huko katikati kuna kitu hakijapata habari. Waya wa breki ukiota kutu ndani ya ganda lake, ukivuta unakubali, ukiachia haurudi.

Profesa: Hii si baiskeli, ina milango!

Simu ya kinyozi ikalia. Mama.

Kinyozi: Ndiyo mama... niko njiani, mama.

Njiani! Kasimama barabarani na ndala, kashika kitambaa cha kunyolea. Weee, nilicheka mpaka watu wa ng'ambo wakafungua madirisha.

Profesa: Nimelipata. Gari limejua mwenyewe hayupo. Chuma kina kumbukumbu. Marehemu alikuwa hawashi kabla hajaligonga bodi na kulisemesha. Wewe umelisemesha?

Kinyozi: Hapana.

Profesa: Basi!

Jamani, mtu mwenye akili timamu na kibanda chake cha biashara, akazunguka mpaka mbele, akainama.

Kinyozi: Shikamoo.

Baiskeli: Limeitikia?

Kinyozi: Usiniharakishe.

Mie nishakaa chini kwa kicheko. Lakini kichwani kuna kitu kinaniwasha.

Mimi: Hebu ngojeni. Jana mchana gari hili si lilikuwa linatembea? Nimeliona kwa macho yangu. Jioni mlilifanya nini?

Kinyozi: Tuliliosha tu. Kwa heshima ya mama. Ndoo baada ya ndoo, mpaka uvunguni. Halafu nikalipaki hapa, nikavuta breki ya mkono.

Baiskeli: Nilipokuwa naondoka nikaona huu mteremko, nikaingiza mkono dirishani nikaongeza kidogo.

Kinyozi: Wewe!

Profesa: Mimi niliongeza kidogo tu. Kwa usalama.

Wakanigeukia.

Mimi: Mnaniangalia nini? Mie nilivuta kwa mikono miwili. Gari la marehemu lije likimbie huku nalitazama?

Baiskeli akapiga paja.

Baiskeli: Si ndiyo hiyo! Mle nyuma ya tairi kuna bakuli la chuma, na ndani yake vyuma vya breki vinalibana. Tumevilowesha, halafu tumevibana watu wanne, vimekesha vimekumbatiana na kutu juu yake. Mkono umeshuka, wao hawajaachana.

Profesa: Nilisema ardhi inakishika. Nilikosea kidogo tu kuhusu ardhi.

Basi ikawa kazi. Mawe makubwa mbele ya matairi ya mbele, gia imeingizwa, jeki chini, tairi likatolewa. Baiskeli akaunyunyizia waya mafuta ya kulegeza kutu, akaanza kuligonga lile bakuli na nyundo, taratibu, kwa kuzunguka, kama anayebisha hodi kwa mkwewe. Profesa tukamtia ndani ya gari, kazi yake kupandisha mkono na kuushusha. Kutu ikamwagika kama ugoro.

Simu tena. Kinyozi akaitazama, hakupokea. Jasho linamtoka.

Kinyozi: Atadhani nimemtupa.

Mimi: Gonga, baba, gonga!

Tak!

Baiskeli akalisukuma bakuli kwa kidole kimoja, likazunguka. Kelele tulizopiga!

Baiskeli: Waya huu ubadilishwe, umekwisha. Na mkiliosha tena, gia na jiwe vinatosha mpaka likauke. Breki muiache chini.

Tairi likarudishwa, boliti zikakazwa. Kinyozi ndiyo kwanza anatafuta viatu, teksi ikasimama. Akashuka mama yake, na kifurushi chake.

Kinyozi: Mama! Si nilikwambia niko njiani?

Mama: Uliponiambia uko njiani nikamsikia Shangazi anacheka. Nikajua hiyo njia ni ipi.

Kinyozi: Lakini ulisema hupandi gari lingine.

Mama: Uji wao hauna sukari. Ningengoja mpaka lini?

Akalizunguka gari polepole, anaipapasa ile kutu. Profesa akatoka mbio kumpisha. Mama akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele, kile alichokuwa akikaa siku zote, akaweka kifurushi mapajani. Kinyozi akaingia, akawasha, gari likanguruma kwa utulivu kama limeambiwa.

Na nyumba yao ile pale, ng'ambo ya barabara, mlango wake unaonekana.

Mama: Haya, mwanangu. Tunaenda wapi?

Kinyozi akanitazama mie. Mie nikamtazama Baiskeli. Sote tukamtazama Profesa, naye akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama alishafunga mkanda.